Nani anapitia takwimu za sangara kabla hazijawa amri? Watu wa Kirumba, Kisumu na Jinja karibuni

#1 Rula Mbovu

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Niliwahi kufanya kazi ya mkataba ya kukusanya takwimu za samaki kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Victoria, upande wa Ilemela, Mwanza. Mwalo siutaji, wala ofisi iliyoniajiri. Nina watoto wanasoma.

Kazi yenyewe ni hivi. Saa kumi na moja alfajiri uko ufukweni na daftari, mizani ya kuning'iniza na ubao wa kupimia. Mtumbwi ukiingia unauliza: mmevua wapi, nyavu ngapi, mmelala majini siku ngapi. Halafu unamlaza sangara kwenye ubao, pua iguse kibao cha mwanzo, unanyoosha mkia, unasoma sentimita. Samaki ana ute, anateleza, na mwenye samaki kakusimamia kichwani: "Fanya haraka wewe, barafu inayeyuka."

Mwezi wa nne wa kazi ndipo nikauangalia ule ubao vizuri. Fundi aliyeutengeneza alipigilia kibao cha mwanzo juu ya rula, kikafunika sentimita moja na nusu za kwanza. Yaani pua ya samaki haikuwa inaanzia sifuri, ilikuwa inaanzia moja na nusu. Kila sangara niliyempima kwa miezi minne nilimrefusha.

Mtasema sentimita moja na nusu ni kitu gani. Sheria yetu inataka sangara asipungue sentimita 50. Mtoto wa 49 kwenye daftari langu alikuwa 50 na nusu, halali kabisa. Ukijumlisha maelfu, picha inayotoka ni ya ziwa lenye samaki wakubwa kuliko waliopo. Nikaripoti kwa mkubwa wangu. Akanijibu, "Acha hizo, samaki wenyewe wanajikunja." Ripoti ikaenda hivyohivyo.

Sasa kila doria ikija tunaambiwa "utafiti umeonyesha". Sipingi utafiti, nimekula mshahara wake. Swali langu ni moja: kabla takwimu hazijageuka kuwa amri ya kufunga, kuchoma au kuruhusu, nani anazipitia? Na ziwa hili tunalo watu watatu: Tanzania kama asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6. Je, rula zetu tatu zinaanzia sifuri moja?

Naomba kuwasilisha.

#2 Chai ya Rangi

Nimekaa kitako. Wenye ziwa lenu waje.

#3 Mbona Mapema

Sangara kaisha kwa sababu ya makokoro na timba, zile nyavu haramu. Hilo nalo linataka rula? Wasomi bwana.

#4 Nyavu Tisini

Mleta mada umenikumbusha vijana wa daftari. Mimi ni mvuvi, Ukerewe, mwaka wa ishirini na mbili huu niko majini. Nitasema yale ambayo kwenye daftari hayamo.

Kijana anakuja, "Mzee, umepata kilo ngapi?" Nikimwambia nane, kesho watasema samaki wameisha na doria inakuja. Nikimwambia themanini, ushuru unapanda. Kwa hiyo namwambia thelathini. Jirani yangu naye anasema thelathini. Mwalo mzima tunavua thelathini.

Halafu wale wakubwa wenyewe mwaloni hawafiki. Mtumbwi wa kukusanya unatufuata hukohuko na barafu yake, tunauziana majini. Kinachofika ufukweni ni salio na kitoweo.

Na hili ndilo zito zaidi. Nilianza na nyavu thelathini. Leo ninazo tisini, mtumbwi uleule, na ninakwenda mbali mara mbili. Ukiandika "kilo kwa mtumbwi" utaona mvuvi hajashuka sana. Gawa kwa nyavu uone maajabu. Gawa na kwa petroli ukipenda kulia.

#5 Rula Mbovu

THELATHINI! Mkuu, miezi minne niliandika thelathini thelathini mpaka nikadhani ndiyo tabia ya ziwa.

#6 Mama Furu

Nimeusoma uzi nikiwa na karatasi za mitihani mbele yangu, zisubiri.

Mdogo wangu Rula, kuna jambo nikurekebishe kwanza. Si kweli kwamba kila nchi inapima kivyake. LVFO, ile taasisi ya uvuvi ya ziwa letu yenye makao Jinja, ilianzishwa kwa mkataba wa 1994, na taratibu za pamoja za upimaji zimeandikwa tangu miaka ya 2000: sampuli zinachukuliwaje mialoni, sensa ya wavuvi na mitumbwi inafanywaje kila baada ya miaka miwili, meli ya mwangwi, ile inayopima samaki kwa sauti, inapita wapi. Taasisi za utafiti wa samaki za nchi zote tatu, TAFIRI hapa Mwanza, KMFRI Kisumu na NaFIRRI Jinja, wote wanazo. Taratibu si haba. Haba ni fedha za kuzifuata. Mradi ukiwepo, na mingi ililipiwa na Umoja wa Ulaya, watu wanakutana, wanazozana, wanakubaliana. Mradi ukiisha kila mtu anarudi kwenye ofisi yake na kompyuta yake.

Ila suala lako la ubao limenigusa pabaya. Kwa nini? Ile mashine ya mwangwi tunayoburuza ziwani, kabla ya safari tunaipima. Tunaning'iniza chini yake tufe dogo la tungsteni ambalo mwangwi wake unajulikana duniani kote. Mashine ikisoma tofauti, tunairekebisha ndipo tunang'oa nanga. Sasa ubao wa mwaloni una tufe lake? Hauna. Tunapima kwa uangalifu mkubwa kifaa cha mamilioni, halafu kile cha fundi seremala tunakiamini kwa sababu kina namba.

Wala mwangwi nao si mwisho wa maneno. Meli haiingii maji mafupi, na huko ndiko kuna sato na watoto wengi wa sangara. Samaki aliyelala karibu kabisa na tope la chini mashine haimtenganishi na tope. Na msimu unabadilisha kila kitu. Kuanzia mwezi wa kumi hivi mpaka wa nne maji ya chini yanakosa hewa, samaki wanapanda juu. Katikati ya mwaka ziwa linajichanganya, wanashuka tena. Anayelinganisha safari ya mwezi wa pili na ya mwezi wa nane bila kusema hivyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ndiyo maana tunahitaji wa kutupitia. Nitarudi kwenye hilo, kengele imelia.

#7 Bondo Kavu

Dada, mimi ni mfanyabiashara wa mabondo, yale mafuko ya hewa ya tumboni mwa sangara, nakaa Kirumba. Hiyo mashine inamwonaje samaki? Inaona umbo lake?

#8 Mama Furu

Haimwoni, kaka, inamsikia. Inapiga sauti chini, sauti inarudi. Nyama ya samaki inafanana sana na maji, kwa hiyo hairudishi sauti nyingi. Kinachorudisha ni hewa. Sehemu kubwa ya mwangwi wa sangara inatoka kwenye bondo lake.

#9 Bondo Kavu

Kumbe hata sayansi inanunua bondo tu. Nilijua.

#10 Jirani wa Dunga

Salamu kutoka Kisumu, wadau. Huku kwetu sangara ni mbuta, dagaa ni omena. Uganda ni mputa na mukene. Nimewahi kuona jedwali moja lenye mbuta na sangara kama samaki wawili tofauti, ati ziwa limepata aina mpya.

Mimi nashughulika na takwimu za upande huu. Kukubaliana na mama hapo juu, taratibu ziko. Shida yangu ni data ghafi. Nikitaka za upande mwingine wa ziwa ninapewa wastani. Wastani wa nini? Wa mitumbwi mingapi, siku zipi, nyavu ngapi? Niliandika barua kwa ofisi fulani nikiomba daftari zenyewe. Barua ilijibiwa na barua. Ya pili ikajibiwa kwamba ya kwanza inashughulikiwa. Na nisijifanye malaika, najua mwenzangu wa Mwanza akiomba zetu anapata majibu yaleyale kwa lafudhi ya Kikenya.

Sasa kama mhakiki haoni data ghafi, anahakiki nini? Anahakiki Kiingereza.

#11 Mzee wa Karabai

Vijana, haikuwa hivi siku zote. Kabla ya 1977 watafiti wa ziwa hili walikuwa chini ya shirika moja, makao Jinja. Jumuiya ilipovunjika kila nchi ikabeba chake, na tangu hapo tunashona upya kitu kilichochanika.

Faida ya kale ni hii. Kati ya 1969 na 1971 meli ilikokota nyavu ziwa zima, nchi zote tatu, kwa njia moja. Wakakuta furu, wale samaki wadogo, ndio waliojaa chini huko, kama asilimia 80 ya uzito wote. Miaka kumi na kitu baadaye sangara kawatafuna, na hakuna aliyeweza kubisha kwamba furu walikuwa wachache tangu mwanzo, maana hesabu ilikuwepo. Sangara wa leo akiisha, mtu ataonyesha hesabu gani? Ya thelathini thelathini?

#12 Mbona Mapema

Narudia. Mnakaa mkihakikiana mwaka mzima huku kokoro linafagia mazalia. Mpaka andiko litoke kwenye jarida, samaki gani atakuwa amebaki wa kuandikwa?

#13 Mama Furu

Mbona Mapema, hoja yako ina mashiko kuliko unavyoisema. Andiko langu moja lilikaa miezi kumi na minne. Mhakiki mmoja wa mbali aliuliza kwa nini wavuvi wangu hawajazi kumbukumbu za safari kwenye fomu. Nilitoka nje nikatembea kidogo ndipo nikarudi kumjibu kwa adabu.

Na kuna aibu ya pili ambayo hatuisemi hadharani. Watu wanaoweza kupitia andiko la sangara kwa kuelewa, katika nchi hizi tatu, nawahesabu kwa vidole. Nusu yao nimeandika nao. Waliobaki, mmoja alinisimamia shahada, mwingine nilimsimamia mimi. Sasa nani amkosoe nani? Tunapitiana kama majirani wanaoonjana mboga: "Imekolea dada, chumvi kidogo tu."

Lakini ngoja niwape mfano wa siku uhakiki uliponiokoa. Nilikuwa na hesabu za dagaa. Nimekusanya wiki mbili, nikapata wastani wa usiku mmoja, nikazidisha kwa siku 30, nikapata mavuno ya mwezi. Safi, grafu inapendeza. Mhakiki, na kwa maneno yake nilijua tu ni mtu wa ziwani, aliandika sentensi moja: "Usiku wa mbalamwezi wavuvi hawa walikuwa wapi?"

Nilishika kichwa. Dagaa anavuliwa kwa taa. Mwezi ukikolea taa haina kazi, watu wanaburuza mitumbwi nchi kavu, wanashona nyavu na kulala. Mimi nilipima wiki za giza nikazifanya mwezi mzima. Kila namba kwenye andiko langu ilikuwa imevimba. Mhakiki wa mbali hakuiona, na angeionaje? Hata mtoto wa Kayenze angeiona.

#14 Nyavu Tisini

Hiyo ungeniuliza mimi ningekujibu kwa soda moja.

#15 Mama Furu

Ndiyo, mzee wangu. Na hilo ndilo linalonikera, kwamba sikukuuliza.

#16 Mbeba Boksi wa Fraser

Wakuu, mimi ni mtu wa Nyamagana, lakini sasa nabeba boksi Kanada, jimbo la British Columbia. Niwape la huku kuhusu samaki wao, salmoni, maana Mbona Mapema kauliza swali ambalo hawa jamaa walishalilia.

Salmoni wa huku anazaliwa mtoni, anakwenda baharini, anarudi mtoni kuzaa na kufa. Kwa hiyo ana mlango, tofauti na sangara. Mto Fraser, pale mji unaoitwa Mission, kuna mashine ya mwangwi inawahesabu wakipita. Mwaka 2009 wataalamu walitabiri salmoni mwekundu zaidi ya milioni 10 watarudi. Hawakufika hata milioni 2. Kelele nchi nzima. Serikali ikaunda tume chini ya Jaji Bruce Cohen. Tume haijakaa sawa, mwaka uliofuata wakarudi karibu milioni 30! Hebu fikiria wewe ndiye uliyesimama jukwaani 2009 ukasema samaki wameisha.

Kilichonivutia si ripoti ya mwisho. Ilitoka 2012, vitabu vitatu, na haikumpata mchawi mmoja wa kumfunga. Kilichonivutia ni walivyofanya uhakiki. Tume iliagiza wanasayansi waandike taarifa za kitaalamu, magonjwa peke yake, joto la maji peke yake, vizimba vya kufugia peke yake. Kila taarifa ikapitiwa na wataalamu wengine, halafu maoni ya wahakiki na majibu ya mwandishi yakabandikwa mwishoni mwa taarifa hiyohiyo, kila mtu asome. Hakuna cha kunong'onezana. Kwenye lile la vizimba vya ufugaji, wanasayansi wawili, Noakes na Dill, walipewa data zilezile wakafika mahali tofauti. Tume ikachapisha zote mbili.

Dada Mama Furu, dawa ya majirani kuonjana mboga ni hiyo. Onjaneni, ila mbele ya watu.

#17 Mbona Mapema

Sawa. Na swali langu la kuchelewa?

#18 Mbeba Boksi wa Fraser

Nilikuwa nakuja huko. Marekani na Kanada wana mkataba wa salmoni wa 1985. Samaki wakianza kupanda mto, kamati ya nchi mbili inakaa hata mara mbili kwa wiki, inaangalia hesabu za Mission na za nyavu za majaribio, inafungua au inafunga uvuvi. Hakuna anayesubiri jarida. Wanaweza kukimbia hivyo kwa sababu namna ya kuhesabu ilishapitiwa na kupigiwa kelele kabla msimu haujaanza. Wanabishana kuhusu rula wakati wa baridi, wakati wa samaki wanasoma tu.

Wanakosea? Sana, 2009 ni shahidi. Lakini wakikosea wanajua wamekosea wapi.

#19 Rula Mbovu

Hapo umenifungua, mkuu. Nilikuwa nauliza nani apitie takwimu. Kumbe nilipaswa kuuliza nani apitie ubao.

#20 Jirani wa Dunga

Basi tufanye kitu, tusiishie kwenye kupendana hapa. Tukate nondo tatu, kila moja sentimita 50 kamili, zipimwe kwa rula ya chuma, si ya seremala. Moja ibaki Mwanza, moja Kisumu, moja Jinja. Kila ubao ulazwe nondo kabla ya asubuhi ya kazi, na usomaji uandikwe juu ya ukurasa. Ubao ukisema 51 na nusu, mhakiki ataona hapohapo, hata kama yuko Norway. Gharama yake ni nondo moja na nauli ya basi la Sirari.

#21 Mama Furu

Nakubali, na naongeza mawili. Kwenye kila ukurasa iandikwe hali ya mwezi, giza au mbalamwezi. Na kila andiko la takwimu za mialoni, kabla halijaenda jaridani, lisomwe kwa Kiswahili mbele ya BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, ya mwalo ule, na maswali yao yaambatanishwe pamoja na ya wataalamu. Najua wenzangu watacheka. Waliocheka sana ndio wenye hesabu za siku 30.

#22 Bondo Kavu

Nondo nitanunua mimi. Mashineni wanakata hapahapa Mwanza.

#23 Nyavu Tisini

Nondo ni nzuri lakini haina mkia wala haikai kwenye barafu. Sangara aliyetoka majini sasa hivi na yuleyule baada ya kulala kwenye barafu siku tatu hawalingani, anapungua. Pimeni na hilo. Nikija Kirumba wiki ijayo nitawaletea mmoja, tumpime mbichi na tumpime kesho yake.

#24 Rula Mbovu

Mzee wangu, umesema jambo ambalo sijawahi kulisoma popote. Nalitia kwenye daftari sasa hivi. Huwa anapungua kiasi gani?

#25 Nyavu Tisini

Andika thelathini.